Mpimaji wa Nyumba Kumi

Wifi yangu alikuwa na mkono ambao watu waliupangia foleni. Simsifii kwa sababu ni dada wa mume wangu, maana mimi na yeye tumewahi kugombana hadi majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Aliuza nafaka sokoni miaka ishirini na mbili, na wateja wakambandika jina la Bi Kibaba, likamganda hata alipofunga meza. Hakufunga kwa kukosa wateja. Bei za jumla zilipanda, zikapanda, hadi siku moja akarudi na pesa zisizotosha kununua gunia jingine, na huo ukawa mwisho wa biashara.

Siku hizi anafua mashuka katika nyumba ya wageni na kulea wajukuu wawili ambao mama yao yuko mbali anatafuta riziki. Chumba chake ni cha pili kutoka changu, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi vinavyotazamana, bomba moja katikati, na maneno yasiyo na idadi. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani na mashine yangu tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka bila mimi kujua amebeba nini. Mdomo wangu hauna breki, hilo nalikubali mapema kabla hujaambiwa na wengine.

Mambo yalianza pale bei ya unga ilipotushika koo. Mwenye duka la pembeni alikuwa anaandika bei ukutani kwa rangi. Akahamia kalamu ya wino. Mwisho akawa anaandika kwa chaki ili asipate taabu ya kufuta. Sukari tukaanza kuinunua kwa kijiko kama dawa. Mafuta ndiyo usiseme: mtu mzima unakwenda na kikombe, unapimiwa, unarudi umekifunika kwa kiganja watu wasione ni kidogo kiasi gani. Siku moja nilimwambia mwenye duka, "Ndugu yangu, hii pakiti imekonda, ilikuwa inaumwa?" Akanijibu, "Fundi, hata mimi nimekonda." Tukacheka, lakini nililipa.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa chekechea, wa chumba cha saba. Alikaa na daftari lake akatuonyesha kwamba vyumba kumi vikichanga na kununua gunia la kilo hamsini kwa bei ya jumla, kila chumba kitapata kilo tano kwa pesa ambayo dukani hainunui hata tatu na nusu. Tukapiga vigelegele utadhani bei zimeshuka. Gunia lingekuja Ijumaa moja kila mwezi, lilale chumbani kwa Bi Kibaba kwa sababu mlango wake ni wa chuma na una kufuli la maana, na Jumamosi asubuhi yeye angetupimia. Nani mwingine? Mwalimu akaandika na sharti moja, tukalipitisha kwa mikono juu: atakayegusa cha wenzake atatoka, na akitoka harudi.

Kwa sisi wengine kutoka kungekuwa aibu tu. Kwa Bi Kibaba ingekuwa njaa. Ujira wa kufua mashuka ulitosha kodi, ada ya wajukuu na hizo kilo tano, basi. Akirudi kununua kwa pakiti dukani, unga ungemwishia kabla ya tarehe ishirini. Yeye alijua hivyo na mimi nilijua, maana mwaka uliopita alipokwama na ada, ni mimi na mume wangu tuliomnyanyua.

Kipimo chake kilikuwa kopo la maziwa ya unga. Likijaa, likakwanguliwa juu kwa rula yangu ya kushonea, ni nusu kilo. Tulilihakikisha kwa muuzaji wa jumla. Makopo kumi kila chumba. Bi Kibaba alikaa kwenye kigoda, gunia mbele yake, akihesabu kwa sauti ya sokoni: moja, mbili, tatu. Akifika kumi hakuishia hapo. Alitumbukiza mkono guniani akakuongezea juu kidogo, kama alivyozoea. Na sisi tulivyopenda! Kinyozi wa chumba cha nne, mwanamume pekee aliyepanga foleni bila haya, alikuwa akimwimbia, "Dada wa mkono mwema, usinisahau mie!" Mimi ndiye niliyezidi kwa kudeka: "Tilia, wifi, tilia! Unamlisha mdogo wako." Naye alikuwa akicheka na kusema, "Mdogo wangu hali, unakula wewe," huku mkono ukirudi guniani.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Gunia lilikuja na gramu zake za ziada na kila mtu akatosheka. Kisha bei ya jumla ikaruka tena, na mwezi huo aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni akapungukiwa kopo moja.

Wa mwisho siku zote alikuwa Mama Pacha. Anafanya kazi kiwanda cha sabuni, zamu ya usiku, na Jumamosi hurudi saa nne asubuhi, macho mekundu, wale watoto wake wawili wakimng'ang'ania sketi hata kabla hajavua viatu. Alipoambiwa kopo moja limepungua alisema tu, "Si kitu, labda muuzaji ametupunja." Sote tukamrukia muuzaji kwa matusi akiwa hayupo. Mwezi uliofuata mwalimu alikwenda mwenyewe akasimama mbele ya mizani: kilo hamsini kamili, gunia likashonwa akiliangalia. Jumamosi Mama Pacha akapungukiwa makopo matatu.

Hapo tukaanza kutazamana. Gunia limetoka kwa muuzaji likiwa kamili, limelala chumba kimoja tu, limeamka pungufu. Kwenye bomba mazungumzo yalikatika kila Bi Kibaba alipotokea na ndoo yake. Mimi nilimtetea siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwona mlangoni kwake anafagia unga uliomwagika, anauzoa kwa kipande cha karatasi na kuuingiza ndani. Nilijiambia, kikulacho ki nguoni mwako, na tangu hapo kila alichofanya nilikiona kina doa.

Mwezi wa tatu tulichanga kwa shida. Bei ilikuwa imepanda tena, kinyozi akauza mashine yake moja ya kunyolea, na mimi nikashona siku nne kwa nyuzi za kuazima. Jumamosi foleni ilikuwa kimya, hakuna wimbo wala mzaha. Bi Kibaba alipima huku akimpa kila mmoja pole yake. "Pole, mwalimu. Pole, wifi. Haya yatapita." Vyumba vinane vikapimiwa, akajipimia mwenyewe, ikabaki zamu ya Mama Pacha. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akainua gunia akalikung'uta. Likatoa vumbi tu.

Mama Pacha hakulia wala hakupiga kelele. Alitazama mfuko wake uliokuwa nusu, akasema taratibu, "Nimelipa sawa na wenzangu." Bi Kibaba akavuta ndoo yake, akachota makopo mawili katika unga wake mwenyewe, akamtilia. Mtu mwingine angeona huruma pale. Mimi niliona mwizi anayerudisha nusu.

"Wifi," nikasema, na sauti yangu naijua, hufika barabarani, "panya wa chumbani kwako wana miguu miwili."

Aliinua uso. "Unasemaje?"

"Umenisikia. Unga unalala kwako ukiwa mzima, unaamka umepungua. Unga hautembei."

Nyuma yangu mtu akaguna. Mwingine akasema, "Jamani, afadhali mmoja ametamka." Bi Kibaba akavua uzi wa ufunguo shingoni akauweka kwenye kiganja changu. "Ingieni," akasema. "Tafuteni."

Natamani ningekwambia kwamba nilibaki nje. Niliingia wa kwanza, na wengine watatu nyuma yangu. Tukainua godoro. Tukachungulia mvunguni, tukafungua sanduku la nguo za wajukuu, tukafunua sufuria moja moja. Juu ya kabati tukakuta chupa kubwa imejaa vipande vya sabuni, vile vidogo wanavyoacha wageni wakimaliza kuoga. Alikuwa anavikusanya, anavikanda pamoja, ndiyo sabuni ya wajukuu. Mmoja wetu akanong'ona, "Kumbe ana tabia ya kuokota." Bi Kibaba alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Unga hatukuuona, ila ule wa ndoo, makopo manane.

Nikatoka nje, watu wote wananitazama, na badala ya kunyamaza nikasema, "Ameshauuza." Mwalimu akatangaza mkutano kesho yake, Jumapili saa kumi alasiri.

Mume wangu ni mwashi. Alirudi mchana na vumbi lake la saruji, akayasikia mambo barabarani kabla hajafika mlangoni. "Umempekua dada yangu?" akaniuliza.

"Tulimpekua," nikasema.

"Wewe. Umempekua?"

Aliweka chini mwiko na ndoo, akaenda kwa dada yake, akakaa huko hadi jua linatua. Aliporudi hakugusa chakula. Hata hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma, maana matusi nayaweza.

Sasa mtu ukishasema neno la namna ile mbele ya watu, huna budi kulisimamisha. Nilitaka ushahidi. Nikajiambia, huyu mama hakuiba kwa gunia tu, ameiba na kwa kopo: kila mmoja amempunja kidogo kidogo, ili alichochota usiku kisionekane chote. Mimi maisha yangu ni vipimo, inchi ikikosa nguo haivaliki, kwa hiyo nitapima. Mfuko wangu sikuwa nimeufungua, nilikuwa namalizia unga wa zamani. Jumapili asubuhi nikaubeba hadi ng'ambo ya barabara kwa Mzee wa Vyuma, anayenunua vyuma chakavu, mwenye mizani ya kuning'iniza yenye ndoana na mshale.

"Leo unauza unga kwa bei ya bati?" akanitania.

"Pima, mzee. Sina utani leo."

Akautundika. Mshale ukapita nne, ukapita nne na nusu, nami nikawa nangoja usimame. Ukafika tano. Ukapita tano. "Kilo tano," Mzee akasoma, "na robo, na ushee."

"Mizani yako mbovu."

"Mizani yangu?" Alikasirika kweli. Akachukua jiwe lake la mizani la kilo mbili, akalitundika. Mshale ukasimama kwenye mbili pasi na kutikisika. Akarudisha mfuko wangu. Tano na robo na ushee.

Nilikaa kwenye friji bovu lililolazwa pale uani kwake. Nikauona ule mkono unavyorudi guniani baada ya kumi. Nikajisikia nikisema tilia, wifi, tilia. Jamani, nani huhesabu nyongeza? Ukinunua nyanya ukaongezewa moja, unasema nimenunua nyanya ngapi? Vyumba vinane, kila kimoja na robo yake na ushee. Nikapiga hesabu kwa vidole mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuitaka. Yalikuwa ni yale makopo matano ya Mama Pacha, hayakupungua hata moja. Mwizi niliyemtafuta chini ya godoro la wifi yangu alikuwa ndani ya mfuko wangu.

Mzee wa Vyuma akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nitasema ukweli wote, sina cha kuficha tena. Nilivyokuwa navuka barabara nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kurudi, kuchota ule ushee nikaumwaga, na mkutano uendelee. Nikisema, nimejivua nguo mbele ya vyumba kumi: mzushi, na tena mla cha watoto wa mwenzake. Nisiposema, saa kumi Bi Kibaba anatoka na harudi. Nikawa nabishana na nafsi yangu pale barazani, mguu kwenye mashine, cherehani inakwenda bila kitambaa.

Mara Mama Pacha akaja. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, ametoka kulala kidogo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, imechubuka kwa magadi ya kiwandani. "Fundi, Mungu akuweke," akasema. "Wote walikuwa wanaona, ila wewe ndiye uliyenitetea." Mfuko wangu ulikuwa chini ya meza, mguuni kwake. Nikavuta mkono wangu kama nimeungua, nikamwambia nina kazi.

Saa kumi tulikusanyika bombani. Mwalimu alifungua daftari, akalisoma lile sharti kwa sauti ya darasani. Bi Kibaba alisimama peke yake karibu na mlango wake. Alikuwa ameleta lile kopo, limeoshwa, akaliweka chini mbele ya mwalimu. "Msijisumbue kupiga kura," akasema. "Natoka mwenyewe. Ninachoomba, wajukuu wangu wasiitwe watoto wa mwizi."

Mume wangu alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta, na hakunitazama. Nikasema, "Ngojeni." Hakuna aliyenisikia, ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema tena kwa nguvu, "Ngojeni! Mfuko wangu una kilo tano na robo!"

Wakageuka. Nikaeleza, na maneno yangu, ambayo siku zote hutoka kama maji, yalikuwa yanakwama kama sindano kwenye ngozi. Niliwaambia walete mifuko yao. Hakuna aliyeinuka. Kila mtu akawa anatazama miguu yake. Walishaelewa, na hakuna aliyetaka wake uwe wa pili kutundikwa.

"Mimi wangu niliupika jana," mmoja akasema.

"Basi lete uliobaki utuambie umepika kiasi gani," mume wangu akasema kutoka ukutani. Ni maneno yake ya kwanza tangu jana yake. Akatoka, akarudi na Mzee wa Vyuma na ile mizani, wakaitundika kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

Kinyozi akaleta wa kwake, akauweka kwenye ndoana. Ulizidi hata wangu. Alifunika uso kwa mikono. "Ni kile kiwimbo changu," akasema. Wa mwalimu, tano na robo. Mmoja baada ya mwingine, mshale ukipita pale pale, na mwalimu akisoma na kuandika, sauti yake ikizidi kupungua. Wa Mama Pacha ulikuwa tatu na nusu. Ndoo ya Bi Kibaba, ukitoa uzito wa ndoo, kilo nne. Katika vyumba kumi vyote, vilivyopungukiwa vilikuwa hivyo viwili.

Bi Kibaba alikuwa amesogea hadi mbele ya mizani. Alitazama kiganja chake.

"Sokoni," akasema, na hakuwa anasema na mtu, "bei ikipanda mteja anasita. Unamwongezea kidogo, anasahau bei, kesho anarudi. Ikizidi kupanda, unazidi kuongeza. Niliwaona mlivyokonda nyuso, nikaongeza. Kumbe kule nilikuwa natoa katika changu. Hapa nilikuwa natoa cha nani?"

Akamgeukia Mama Pacha. "Nimekukosea, mwanangu. Miezi mitatu." Mama Pacha akaanza kulia kwa kwikwi, na Bi Kibaba naye machozi yakamtoka.

Mwalimu akalifunga daftari akasema hilo ni kosa, si wizi. Kinyozi akasema, "Mwalimu, sharti linasema atakayegusa cha wenzake atoke. Basi tutoke sisi wanane, abaki Mama Pacha na bomba." Watu wakacheka, kicheko cha kupumua, na papo hapo kila mmoja akaanza kurudisha. Tukamjazia Mama Pacha mfuko wake, tukaijaza na ndoo. Kila mtu akawa mwema ghafla.

Mimi nikamwendea wifi yangu. Nilipiga magoti, pale pale kwenye tope la bomba. "Wifi, nisamehe. Ulimi umeniponza."

Hakuniinua. "Hawa ni majirani," akasema, polepole, bila hasira hata kidogo. "Wamesikia neno, wamelifuata. Lakini wewe tumekula sahani moja miaka tisa. Ungenigongea mlango ukaniuliza. Ungeniuliza tu." Akabeba ndoo yake akaingia ndani, akafunga mlango wa chuma.

Kupima akakataa katakata. Tukachanga kidogo kidogo tukanunua kwa Mzee wa Vyuma mizani kuukuu, na mwalimu akasema aliyegundua kosa ndiye atakayepima, yaani mimi. Waliona ni heshima. Lakini mwezi ulipoanza kuzeeka, nafasi ya Bi Kibaba katika daftari ilikuwa tupu. Hakuwa amechanga. Wakati huo kilo zake tano zilikwisha mapema, maana wajukuu walifunga shule wakawa wanakula nyumbani hata mchana, nikawa namwona kutoka barazani anapita kwenda dukani, anarudi na pakiti ndogo ameibana kwapani chini ya mtandio. Jumatatu pakiti, Alhamisi pakiti. Tarehe ishirini na mbili akaenda dukani akarudi mikono mitupu. Pesa haikufika bei iliyoandikwa kwa chaki. Mume wangu alimpelekea sufuria ya chakula chetu. Ilirudi kama ilivyokwenda, na kifuniko chake.

Kuchanga kungefungwa tarehe ishirini na nane. Tarehe ishirini na saba niliacha mashine nikaenda nyumba ya wageni, nikapitia mlango wa nyuma. Chumba cha kufulia kina joto la mvuke na harufu ya dawa ya kung'arishia, mashuka yamerundikana hadi dirishani. Bi Kibaba alikuwa amepinda mgongo juu ya karo, anakamua shuka la kitanda kikubwa peke yake, limemshinda, maji yanamchuruzikia miguuni. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yalinitoka yote kichwani. Nikashika ncha ya pili ya lile shuka.

Alinitazama, kisha akasema, "Kaza."

Nikakaza. Tukakamua shuka lile, tukakamua jingine, tukakamua kumi na tatu, sihesabu foronya. Mikono yangu ya cherehani ilikuwa imevimba. Alipotundika la mwisho alifungua fundo la mtandio, akatoa pesa ya mchango katika ujira aliolipwa asubuhi ile, noti zimelowa kwenye kingo, akanipa. "Wajukuu hawawezi kula hasira yangu," akasema. "Mpe mwalimu."

Nilirudi nyumbani naruka kwa furaha, usiulize. Nikamwambia mume wangu yamekwisha, na usiku ule alikula.

Jumamosi nikakaa kwenye kigoda, gunia mbele yangu, mizani kwenye nguzo. Nilipima kwa makini, kila mfuko tano, wala pungufu wala ziada, na hakuna aliyethubutu kuimba. Bi Kibaba alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alinipa mfuko, nikaujaza, nikautundika kwenye ndoana. Watu wote waliotangulia walichukua mifuko yao wakaenda zao. Yeye hakuuchukua. Aliinama mbele ya mizani, akafinya macho, akangoja mshale uache kucheza. Aliusoma. Akauzungusha mfuko kidogo, akausoma tena.

"Tano," akasema. "Asante, fundi."

Akaufunga mfuko akaondoka. Miaka tisa nimeolewa na mdogo wake, tumepatana na tumegombana, na siku zote aliniita wifi.